Neno "heri", na wageni waliojiita raia wa dunia

Nuru ya Koroboi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma falsafa ya Wagiriki na Warumi wa kale, jioni nikitoka kazini, na kuna jambo limenikaa moyoni ambalo natamani tulijadili bila pupa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi arudi akitulia.

Naanza na neno. Wagiriki walikuwa na neno *eudaimonia*. Wengi hulitafsiri "furaha", na hapo ndipo msomaji anapopotea njia. Furaha huja na kuondoka: timu imeshinda, mshahara umeingia, mtoto kafaulu. Eudaimonia ni sifa ya maisha mazima ya mtu, yalivyokwenda na alivyoyaendesha. Kiswahili kina neno la karibu zaidi, nalo ni heri. Anayekwambia "nakutakia heri" hakutakii kicheko cha leo tu. Waliosoma Mathayo 5 wanakumbuka "Heri walio maskini wa roho". Neno la Kigiriki lililo pale, *makarios*, Aristotle naye analitumia bega kwa bega na eudaimonia.

Kwa Aristotle, heri ni kutenda. Anasema kule Olympia taji halivikwi kichwa cha mwenye sura nzuri wala mwenye misuli aliyekaa pembeni. Linakwenda kwa walioingia uwanjani wakashindana. Mtu anaweza kuwa na tabia njema kisha akalala usingizi umri wake wote, na hakuna atakayemwita mwenye heri. Tena kunahitajika muda. Mbayuwayu mmoja haleti majira mapya, anasema, wala siku moja njema.

Habari hii ya muda ilikuwapo kabla yake. Herodotus anasimulia kwamba Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, alimtembeza Solon wa Athens katika hazina zake, kisha akamuuliza: katika watu wote uliowaona, nani mwenye heri kuliko wenzake? Alitarajia kusikia jina lake. Solon akamtaja Tellus, raia wa kawaida wa Athens ambaye Croesus hakuwahi kumsikia. Mji wake ulikuwa salama, wanawe walikuwa watu wema, aliona wajukuu wakizaliwa na wote wakabaki hai, akafa vitani akitetea watu wake, na umma ukamzika pale pale alipoanguka. Basi. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, na kila mara nawakumbuka wazee wa kwetu wanavyomsifu marehemu: aliacha watoto, aliona wajukuu, alizikwa na watu.

Sasa lile lililonikaa moyoni. Hebu tazameni hawa waliofundisha heri walikuwa watu wa wapi.

Aristotle alizaliwa Stagira, kaskazini, mwaka 384 K.K. Pale Athens alikofundisha alikuwa mgeni mkaazi. Mgeni wa namna hiyo alilipa kodi ya kichwa kila mwaka, hakuwa na kura, wala hakuruhusiwa kumiliki ardhi. Mtu aliyeandika kurasa nyingi juu ya raia na mji hakuwa raia wa mji aliouandikia.

Diogenes alitoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, baada ya kufukuzwa kwa kesi ya kuchafua sarafu. Huyu ndiye aliyeulizwa "wewe ni wa wapi?" akajibu *kosmopolites*, yaani raia wa dunia. Akilala ndani ya mtungi mkubwa wa udongo. Siku moja alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja, akatoa kikombe mkobani akakitupa, akisema mtoto amemshinda kwa kuishi na vichache.

Zeno alikuwa mfanyabiashara kutoka Citium, Cyprus, mwenye asili ya Kifoinike. Chombo chake kilichobeba rangi ya zambarau kikazama karibu na bandari ya Athens. Akapanda mjini hana kitu, akaketi dukani kwa muuza vitabu, akasikia kitabu kinasomwa habari za Socrates. Akauliza: watu wa namna hii wanapatikana wapi? Wakati huo huo Crates, mwanafunzi wa Diogenes, alikuwa anapita. Muuza vitabu akanyoosha kidole: mfuate yule.

Karibu mwaka 300 K.K. Zeno akaanza kufundisha katika *Stoa Poikile*. Stoa ni ukumbi wa nguzo ulio wazi upande mmoja, watu wanapumzika kivulini na kuzungumza. Sisi tungesema baraza. Kwa hiyo Wastoiko ni watu wa barazani, na ndio hao Paulo aliokutana nao Athens katika Matendo ya Mitume 17, pamoja na Waepikureo. Pale Paulo anawanukulia mshairi wao mwenyewe kwamba sisi sote tu wazao wa Mungu. Wengi wetu tumewasikia Wastoiko kanisani kabla ya kujua ni akina nani.

Aliyemrithi Zeno, Cleanthes, alikuja Athens maskini. Usiku alichota maji ya kumwagilia bustani za watu ili mchana akasome. Na karne nne baadaye yuko Epictetus, mtumwa, mlemavu wa mguu. Hata jina lake si jina. Kwa Kigiriki maana yake ni "aliyepatikana", kama bidhaa.

Ninachosema ni hiki. Siku hizi ukisikia "raia wa dunia" unamfikiria mtu mwenye pasi inayofungua milango yote. Wazo lenyewe lilizaliwa kwa waliofukuzwa, waliozamishwa na bahari, walionunuliwa sokoni. Karibuni.

---

Fundi Mwashi

Mleta uzi, umeandika vizuri na nimesoma hadi mwisho. Lakini kuna kitu umekipita haraka. Aristotle huyo huyo wa heri alisema kuna watu waliozaliwa kuwa watumwa, na kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai. Seneca naye, Mstoiko wa Roma, alikuwa tajiri mwenye watumwa, mwalimu wa Nero aliyekuwa kaisari. Mtu anakaa juu ya migongo ya watu halafu anatufundisha kwamba binadamu ni mmoja? Sisi ambao babu zetu walipitishwa Bagamoyo na minyororo shingoni tuyapokee vipi mafundisho hayo?

---

Nuru ya Koroboi

Fundi Mwashi, sitamtetea Aristotle hapo. Alisema hivyo, yamo katika kitabu cha kwanza cha Siasa yake, na wanawake pia aliwaweka chini. Karne nyingi baadaye wapo waliomnukuu kuhalalisha utumwa kule Amerika. Na mwenyewe anakiri katika kitabu hicho kwamba wapo watu wa wakati wake waliosema utumwa ni kinyume cha maumbile, unasimama kwa nguvu tu. Maana yake ukweli ulikuwa unasemwa, akausikia, akaupinga. Hilo linaniuma kuliko kama angekuwa hajui.

Kuhusu Seneca, ngoja nieleze kisa kimoja, maana bila hicho mtu anaweza kumsoma akamsifu bure.

Mwaka 61 B.K. mkuu wa mji wa Roma, Pedanius Secundus, aliuawa na mtumwa wake mmoja. Desturi ya zamani ilitaka watumwa wote waliokuwa chini ya paa lile wauawe. Nyumba ile ilikuwa na watumwa 400. Wake kwa waume, watoto, watu ambao siku ile hawakujua lolote. Wananchi wa kawaida wa Roma wakakusanyika kupinga, ikawa karibu ghasia. Barazani mwa maseneta akasimama Cassius Longinus, mwanasheria mkubwa, akasema ndiyo, wapo wasio na hatia watakaokufa, lakini watumwa hawazuiliki ila kwa hofu. Akashinda. Watu wakashika mawe na mienge kuzuia. Nero akapanga askari barabara nzima watumwa walikopitishwa, na wote wakauawa.

Seneca wakati huo alikuwa mmoja wa wakubwa kabisa karibu na Nero. Tacitus, aliyetusimulia kisa hiki, anamtaja Longinus, anamtaja Nero, anaitaja mienge mikononi mwa watu. Jina la Seneca halimo.

Baada ya hapo, miaka yake ya mwisho, Seneca anaandika barua ya 47 kwa rafiki yake Lucilius: wanasema "ni watumwa", la, ni binadamu, ni watumwa, la, ni wenzetu wa nyumba moja. Anamwambia kula nao meza moja. Ni barua nzuri, nami naipenda. Lakini haisemi waachiwe huru. Mimi nikiifungua nawaona wale 400 wakipita kati ya mistari ya askari, na nawaona waliookota mawe kwa ajili yao. Waliookota mawe hawakuwa wanafalsafa, na katika kisa kile wao ndio walioishi kama raia wa dunia.

Kwa hiyo jibu langu ni tuyapokee huku tukimwangalia msemaji usoni. Epictetus aliyekuwa mali ya mtu namsikiliza kwa namna nyingine. Mwizi alipomwibia taa yake ya chuma, alisema kesho nitanunua ya udongo. Mtu hupoteza kile alicho nacho. Hilo tajiri angeweza kulisema, ila mdomoni mwa Epictetus lina uzito mwingine.

---

Mbaharia wa Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Muscat mwaka wa kumi na mbili sasa. Nilizaliwa Unguja, bibi yangu mzaa baba alizaliwa huku Oman. Unguja wakinitania wananiita Mmanga, huku nikifungua mdomo tu wananiita Mzanzibari. Nimesoma habari ya Zeno nikatulia kidogo. Swali langu: huyo aliposema dunia yote ni mji wake, kwao Cyprus alikusahau? Maana mimi watu wananiambia sahau, dunia ni moja. Siwezi.

---

Nuru ya Koroboi

Waalaykum salaam kaka. Swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, ingawa sikujua nani ataliuliza.

Hakukusahau. Maisha yake yameandikwa na Diogenes Laertius (si yule wa mtungini), na humo kuna kisa kifupi sana. Athens walikarabati bafu la umma, Zeno akawa mmoja wa waliochangia. Majina ya wachangiaji yakachongwa kwenye nguzo ya mawe, na lake likaandikwa "Zeno, mwanafalsafa". Akaomba waongeze: "wa Citium".

Ebu mwone. Amekaa Athens miaka mingi, mji wote unamjua, wanafunzi wanamfuata barazani. Fundi ameshamaliza kazi yake. Naye anaomba fundi arudishwe kuongeza neno la pale alipozaliwa, kisiwani, mbali, ambako pengine hatakanyaga tena.

Plutarch naye anaeleza kwamba Zeno na Cleanthes hawakukubali kufanywa raia wa Athens, wasije wakaonekana wameidhulumu miji yao. Chrysippus aliyewafuata alikubali. Alipokufa Zeno, Athens walimpa taji la dhahabu na kaburi kwa gharama ya umma, hali hajawa raia wao.

Kwa hiyo kaka, anayekwambia sahau Unguja ndipo uwe wa dunia hakulipata hilo kwa Wastoiko. Marcus Aurelius aliyekuwa kaisari, akijiandikia daftari lake la siri kwa Kigiriki, baadhi ya kurasa akiwa kambini vitani ng'ambo ya Danube, anasema: kwa kuwa mimi ni Antoninus mji wangu ni Roma, kwa kuwa mimi ni binadamu mji wangu ni dunia, na kinachoifaa miji hii miwili ndicho kilicho chema kwangu. Miwili. Hakuufuta mmoja. Kwake yeye kusema hivyo kulikuwa rahisi, Roma yote ilikuwa yake. Zeno aliyeomba neno moja liongezwe kwenye jiwe ndiye ninayemwamini zaidi.

---

Mbaharia wa Muscat

Ahsante sana. Nimemsomea mke wangu. Amesema hilo jiwe lingekuwa letu lingejaa maandishi.

---

Bibi Asumini

Wanangu hamjambo. Mimi ni mstaafu, nilifundisha shule ya msingi. Nauliza kuhusu huyu Epicurus. Tulifundishwa kuwa alikuwa mtu wa anasa, kula na kunywa kwa maana kesho tutakufa. Mbona mleta uzi umewataja wafuasi wake, Waepikureo, na watu wa heri?

---

Nuru ya Koroboi

Shikamoo bibi. Jina lake limechafuliwa toka zamani, na waliomchafua wa kwanza ni wapinzani wake, baadhi yao wakiwa hao hao Wastoiko ninaowasifu.

Epicurus alisema lengo ni raha, ni kweli. Ila raha aliyoitafuta ni mwili usioumwa na moyo usiosumbuka. Chakula chake kilikuwa mkate wa shayiri na maji. Kuna barua anamwomba rafiki amtumie kijungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka kufanya karamu aweze. Karamu yenyewe ni jibini. Bustani yake pale Athens ilipokea wanawake na watumwa wakae wajadiliane na wengine, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mtumwa wake mmoja, Mys, alisoma naye falsafa, na wosia wa Epicurus ulimwacha huru.

Alikufa mwaka 270 K.K. kwa ugonjwa wa mkojo uliomtesa siku nyingi. Siku ya mwisho akaandika kwamba maumivu yamefika mwisho wa ukali, lakini anayapima na furaha ya kukumbuka mazungumzo waliyowahi kuwa nayo, na akaomba watoto wa rafiki yake Metrodorus, aliyekwisha kufa, watunzwe.

Na bibi, kuna mfuasi wake mmoja nataka umjue, maana naye alikuwa mwalimu kwa namna yake. Aliitwa Diogenes wa Oenoanda, mji mdogo wa milimani, leo ni kusini magharibi mwa Uturuki. Karne ya 2 B.K., akiwa mzee mgonjwa, aliona jua la maisha yake linazama, akaamua asife kabla ya kuwaachia watu dawa. Akagharimia ukuta mrefu wa mawe mjini na kuchonga juu yake mafundisho ya Epicurus, safu kwa safu, ili mpita njia asome bure. Anasema ameandika pia kwa ajili ya wale wanaoitwa wageni, ingawa si wageni kweli: ukiigawa ardhi vipande kila mtu ana nchi yake, lakini dunia nzima ni nchi moja ya wote na nyumba moja.

Tetemeko na watu wakaubomoa ukuta, mawe yakajengewa kwingine. Wafaransa wakaanza kuyakuta mwaka 1884, na vipande vinaendelea kufukuliwa mpaka leo.

---

Kalamu Nyekundu

Nimefuatilia kimya. Swali langu ni la mtu wa kazi: yote haya ni maneno makubwa, dunia, ulimwengu, binadamu wote. Mtu anaamka Jumatatu, ana kodi ya nyumba, ana mgonjwa. Huo uraia wa dunia anaufanyaje kwa mikono?

---

Nuru ya Koroboi

Mkuu, yupo Mstoiko mmoja alijibu swali hilo hilo. Anaitwa Hierocles, karne ya 2 B.K. Kazi zake nyingi zimepotea, kipande hiki kimebaki kwa sababu mwingine alikinukuu.

Anasema kila mtu amezungukwa na duara nyingi, moja ndani ya nyingine. Katikati ni nafsi yako. Duara inayofuata ni wazazi, ndugu, mke, watoto. Kisha wajomba, mashangazi, mababu, binamu. Kisha jamaa wengine, watu wa mtaa, kabila, mji, miji jirani, nchi, na ya mwisho kabisa ni binadamu wote. Kazi ya mtu ni kuzivuta duara za nje zije ndani, hatua kwa hatua. Wa mbali umtendee kama wa karibu.

Na njia mojawapo anayoitoa ni ya ulimi. Binamu waite ndugu, anasema. Wajomba na mashangazi waite baba na mama. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Hierocles anawafundisha Wagiriki, kama zoezi gumu la falsafa, kitu ambacho mtoto wa kwetu anakijua kabla ya kuanza shule: baba mkubwa, mama mdogo, na mtoto wa baba mdogo ni ndugu yangu, nukta. Alikuwa anatafuta lugha ambayo sisi tumezaliwa nayo.

Sisemi basi sisi tumeshafaulu. Tunamwita mtu "ndugu" tukiwa tunamtapeli. Lakini nimeuona ulimi huo ukifanya kazi mara moja kwa macho yangu.

Nyumba niliyopanga zamani uani kulikuwa na fundi viatu kutoka Burundi. Mpole, hakuwa na mtu. Akaugua ghafla, akafia hospitali. Tulikwenda wapangaji watano na mama mwenye nyumba kuchukua mwili. Karani akasukuma fomu dirishani, akasema lazima asaini ndugu wa marehemu. Tukatazamana. Barua ya mjumbe tulikuwa nayo, akasema haitoshi, kuna mstari unauliza uhusiano. Mama mwenye nyumba ni Mpare, hajawahi kuvuka mpaka. Akavuta fomu, akaomba kalamu, akaandika polepole kwa herufi kubwa: MAMA MDOGO. Akasaini. Karani alimwangalia, akaiangalia fomu, akapiga muhuri.

Turubai tulikodi kwa michango, daftari la rambirambi alishika yeye. Baada ya maziko tukafungua sanduku la kazi la fundi. Mlikuwa na viatu vya shule vya watoto wa mtaa, jozi saba, majina yameandikwa kwa chaki kwenye soli. Vinne vilikuwa vimeshashonwa. Mama akatembea nyumba kwa nyumba kuvirudisha, na hivyo vitatu akavipeleka kwa fundi mwingine, akalipa yeye.

---

Kalamu Nyekundu

Nashukuru kwa jibu. Je, jamaa zake walipatikana?

---

Nuru ya Koroboi

Walipatikana. Kwenye daftari lake mlikuwa na namba moja ya simu, nikatuma ujumbe kwamba amefariki na mama mdogo amemzika. Miezi minne baadaye akaja mdogo wake, mchana wa jua kali, begi begani, anauliza mlangoni kwa Kiswahili cha kubahatisha mama mdogo anakaa wapi. Hakuuliza mwenye nyumba. Akamwamkia "Amahoro, mama mdogo", wakaenda wote kaburini na watoto wawili wa uani wakiwaonyesha njia.

Alikaa siku tisa katika chumba kile kile cha kaka yake, ambacho mama alikuwa hajakipangisha. Alipoondoka alibeba sanduku la kazi. Anapiga simu kila sikukuu.